Sina Ubavu

Siku ya tatu nilimuuliza Daktari Outeiral
mmeutupa wapi.
Akasema ulikwenda maabara
katika kikopo chenye kifuniko cha bluu,
mfupi, umepinda kama mkono wa kikombe.
Nikataka kuuona. Haikuwezekana.
Basi nazungumza nawe hivi hivi, ewe ubavu wa kwanza,
wa juu kabisa, uliyejibanza chini ya mtulinga
miaka arobaini na sita bila hata kusalimia.

Kwetu Meaño zabibu haziinamiwi.
Mizabibu hutandazwa juu ya nyaya, juu ya nguzo za mawe
walizosimika waliokimbia unyevu wa ardhi,
na sisi wanawake hupita chini yake, shingo nyuma,
mkasi ukilia kwenye vikonyo, Septemba nzima,
kama mateka walioamriwa kuinua mikono
na mtekaji akasahau kurudi.

Kilianza kidole cha mwisho. Ganzi,
kisha jirani yake. Kisha kiganja kikawa cheupe,
kisha bluu.
Mkasi uliniponyoka, ukachoma buti la Dosinda.
Usiku niliamka kuutafuta mkono wangu kitandani,
nikaukuta: mzito, wa mtu mwingine.

Daktari wa kwanza alisema ni kifundo, akanifunga gango.
Wa pili alisema shingo.
Wa tatu aliuliza kama nyumbani kuna amani.
Evaristo msimamizi, ambaye hakusomea chochote,
akasema mbele ya kreti na watu:
huyu hana ubavu wa kazi hii.

Lau angejua. Ninao, na ndio unaoninyonga.

Outeiral alinisimamisha dirishani:
inua mikono, fumba, fumbua, dakika tatu.
Sekunde ya arobaini nilikuwa nalia
na yeye anatabasamu. Samahani, alisema,
si kwa maumivu yako, ni kwa kuwa sasa najua.
Akachora nyuma ya karatasi ya dawa: hapa misuli,
hapa mtulinga, hapa wewe, na katikati
kijia ambamo mishipa ya damu na ya fahamu
inasukumana kama sisi mlangoni mvua ikianza.

Alipitia kwapani. Akakata misuli, akakutoa.
Niliamka na mrija ubavuni, kila pumzi ina kona,
lakini mkono ulikuwa na joto.
Nilimwita muuguzi aushike,
kama mtu anayeonyesha mkate uliotoka tanuri.

Watu hudhani ukishashonwa umepona.
Hakuna aliyeniambia kuhusu ukuta.
Brais wa mazoezi, kijana mwenye vidole baridi,
alinifundisha kupandisha mkono kama buibui
kwenye ukuta wa jikoni, na pale unapokomea
nichore mstari kwa penseli.
Ukuta huo una mistari mingine: urefu wa Anxo wangu
tangu alipojifunza kusimama.
Wiki ya pili nilimfikia Anxo wa miaka mitatu.
Wiki ya tano, yule wa sita, aliyeng'oka meno ya mbele.
Wiki ya saba nikashuka hadi wa minne. Nikatupa penseli.
Desemba nilichana nywele kwa mkono wa kulia,
vibaya, upande mmoja.
Februari nilianika shuka. Moja. Nikakaa chini.
Machi, Anxo wa kumi na nne aliegemea ukuta
akapinda magoti kisirisiri
ili nimpate.

Sasa ni Septemba tena. Nachuma kwa saa mbili tu,
kisha naenda kwenye meza ya kuchambua,
mikono usawa wa tumbo.
Kidole cha mwisho bado hakitambui maji ya baridi;
huwa nakiambia.
Asubuhi Evaristo alinitazama nikiingia chini ya nyaya.
Una ubavu kweli, Sabela?
Ishirini na tatu, nikamjibu,
nikainua mkono, nikakata.